Askari wako anazama kwenye pombe: ufanye nini, na uanzie wapi

Tangu nivue gwanda, simu nyingi ninazopigiwa na vijana niliowaacha kambini zinafanana. "Afande, nina kijana wangu hapa, mtungi umemzidi. Nimripoti au nimfiche?" Halafu linafuata la pili: "Nikimripoti akafukuzwa, watoto wake si watanilaani?" La tatu huja kwa sauti ya chini: "Leo alfajiri alikuwa gadi na bunduki, afande, na alikuwa ananuka."

Nimeyajibu maswali haya kwenye simu mpaka nimechoka, ndiyo maana naandika. Naandika kwa ajili yako wewe koplo, sajenti au sajinitaji mwenye seksheni au platuni. Wewe ndiye unayemwona askari kila siku, kuliko kamanda na kuliko daktari. Kama wewe ni mke wa askari, sehemu yako iko karibu na mwisho, ila soma kwanza hatua ya 5. Mifano yangu ni ya JWTZ, jeshi la Tanzania, kwa sababu huko ndiko nilikokulia. Aliye Kenya au Uganda atabadilisha majina ya vyeo na ofisi tu.

KABLA HUJAANZA

Usimwite mtu kabla hujawa na vitu hivi:

- Daftari dogo la mfukoni, lako peke yako. Lisikae ofisini.
- Jina na namba ya daktari au tabibu wa zahanati ya kikosi, na uwe umeshaongea naye ana kwa ana.
- Mtu wa pili unayemwamini, mwenye cheo sawa na chako au zaidi. Ukiwa peke yako, siku mambo yakiharibika itaonekana ulikuwa na chuki binafsi.
- Mahali pa kuongea pasipo na masikio. Chini ya mwembe nyuma ya karakana panafaa kuliko ofisini, ambako karani anasikia kila kitu.
- Koo kavu. Kama jana usiku mlikuwa naye kaunta moja mkipishana moja moto moja baridi, leo huna mdomo wa kumwambia kitu.

Jambo moja la kuelewa, halafu tuingie kazini. Jeshi lina akili mbili kuhusu pombe: ni zawadi, na papo hapo ni kosa. Jeshi la majini la Uingereza lilikuwa likimpa baharia ramu ya kila siku kwa amri, mpaka tarehe 31 Julai 1970 lilipoacha. Sisi hatukugawiwa ramu, lakini mtu akipandishwa cheo swali la kwanza ni kreti ziko wapi. Kisha kijana yule yule akilewa siku ya kazi anapigwa doso na kutupwa mahabusu. Hapo katikati, kati ya kreti na mahabusu, hakuna mtu aliyemuuliza anakunywa kiasi gani na kwa nini. Hiyo ndiyo nafasi yako.

HATUA YA 1: Andika unachokiona, wiki mbili

Andika tarehe, saa na tendo. Usiandike hukumu. "Mlevi sana huyu" haina maana mbele ya kamanda. Andika hivi: "Jumatatu, saa 12:20, kachelewa paredi. Vidole vinatetemeka akifunga vifungo vya gwanda. Pipi kifua mdomoni." Au: "Alhamisi, kaomba kubadilishana zamu ya gadi mara ya tatu mwezi huu."

Angalia hasa Jumatatu, siku mbili baada ya mshahara, na siku za kurudi likizo. Angalia mchakamchaka: aliyekuwa mbele sasa yuko nyuma akitapika kando ya barabara. Pita kantini uone daftari la madeni. Sikiliza kama ameanza kukopa kwa wale wa kausha damu huko mtaani. Na angalia uso wake saa nne asubuhi. Kama anatoweka dakika kumi na kurudi mikono imetulia, ameenda kuzimua, yaani kunywa kidogo ili kutuliza mwili. Hiyo andika na uipigie mstari.

Kosa la kawaida: kumtuma mwenzake wa chumbani awe mpelelezi. Ndani ya siku tatu kombania nzima itajua, na kijana ataanza kunywea porini.

HATUA YA 2: Mtenge na silaha na usukani

Hili halisubiri wiki mbili ziishe. Ukishamwona hata mara moja akiwa na harufu kazini, jina lake litoke kwenye orodha ya gadi na ya madereva siku hiyo hiyo.

Huna mamlaka ya kufanya hivyo kimya kimya peke yako. Nenda kwa kamanda wako wa platuni au kombania, mpe ukurasa mmoja wa daftari, umwambie: "Naomba huyu apangiwe stoo kwa muda, asichukue silaha mpaka aonwe na daktari." Mwambie pia msimamizi wa ghala la silaha, kwa sababu orodha hubadilishwa na zamu za usiku bila watu kuulizana.

Watu hudhani tunaogopa atampiga mtu risasi. Hiyo ipo. Lakini mlevi mwenye madeni, ndoa iliyovunjika na aibu ya kuvuliwa cheo ni hatari kwanza kwake mwenyewe. Ukimsikia akisema "bora nisiwepo" au "mtanikumbuka", usichukulie ni maneno ya pombe. Muulize waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Swali hilo halimpandikizii wazo asilokuwa nalo. Akikubali, au akinyamaza vibaya, asiachwe peke yake hata chooni mpaka afike kwa daktari.

Namna ya kumtoa gadi bila kumvunjia heshima: mpe kazi yenye jina. "Kuanzia kesho unasaidia kuhesabu vifaa stoo, nahitaji mtu wa hesabu." Usimtoe mbele ya paredi.

HATUA YA 3: Ongea naye akiwa mkavu

Chagua asubuhi ya katikati ya wiki. Usiongee na mtu aliyelewa. Hatakumbuka, na wewe utapandisha hasira bure. Usiongee naye siku ya mshahara pia, maana akili yake iko lango kuu.

Anza na ulichokiona, kisha nyamaza. Mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

"Kijana, kaa. Hapa hatuko paredi."

"Ndiyo afande."

"Jumatatu ulichelewa. Jumatano mikono ilikuwa inatetemeka. Jana saa nne ulitoka ukarudi umetulia. Sikuulizi kama unakunywa. Nauliza, usiku unalala?"

Swali la usingizi hufungua milango ambayo swali la pombe huifunga. Kijana ataapa kwa jina la mama yake kwamba hanywi sana, lakini kuhusu usingizi atakwambia kweli. Wengi waliorudi kutoka misheni za kulinda amani walianza hapo. Tarehe 7 Desemba 2017 kituo cha vijana wetu pale Semuliki, mashariki mwa Kongo, kilishambuliwa usiku na tukapoteza askari zaidi ya kumi. Aliyepitia usiku wa namna hiyo anaporudi Tanzania na kusema bia mbili humsaidia kulala, hasemi uongo. Zinamlaza kweli, kwa muda. Baada ya miezi kadhaa zinahitajika nne, na usingizi wenyewe unakuwa wa vipande vipande.

Usimtishie kazi katika kikao cha kwanza. Na usimwahidi kwamba hutamwambia mtu yeyote, maana umeshamwambia kamanda. Sema ukweli: "Kamanda anajua usalama wa silaha. Mengine yanabaki kwa daktari."

HATUA YA 4: Pima, usikadirie

Kuna dodoso la maswali kumi liitwalo AUDIT, lililotengenezwa chini ya Shirika la Afya Duniani na kujaribiwa katika nchi sita, Kenya ikiwemo. Zahanati wakuchapie, lipo hata kwa Kiswahili. Alama zake huanzia 0 hadi 40. Ukifika 8 unakunywa kwa namna ya hatari. Kuanzia 16 unahitaji ushauri na ufuatiliaji. Kuanzia 20 ni kwa mtaalamu, kwa sababu huenda mwili umeshakuwa mtumwa wa pombe.

Ugumu uko kwenye hesabu ya vipimo. Kipimo kimoja kwenye dodoso hili ni gramu 10 za kilevi halisi. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina karibu gramu 20, yaani vipimo viwili. Kichupa cha mililita 200 cha pombe kali ya asilimia 35 kina gramu kama 55, yaani vipimo vitano na nusu, na watu wanakiita "kadogo". Viroba vya mfuko vilipigwa marufuku tarehe 1 Machi 2017, lakini vichupa vimechukua nafasi yake, vinaingia mfuko wa gwanda bila kuonekana.

Mfano. Kijana anakwambia: "Afande, mimi bia nne tu, Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Siku nyingine sigusi." Inasikika kama mtu mstaarabu. Swali la kwanza, mara ngapi: mara mbili hadi tatu kwa wiki, alama 3. Swali la pili, vipimo vingapi kwa siku: bia nne ni vipimo nane, alama 3. Swali la tatu, mara ngapi anafikisha vipimo sita au zaidi: kila wiki, alama 3. Jumla 9. Ameshavuka mstari na bado maswali saba hayajaulizwa. Jipime na wewe kabla hujacheka.

Pombe za kienyeji kama mbege, ulanzi, komoni na kangara hazina kipimo cha uhakika, kwa hiyo hesabu madebe au vikombe, umwachie daktari. Gongo nitaifikia.

HATUA YA 5: Anayekunywa kila siku asiachishwe ghafla bila daktari

Soma hapa mara mbili.

Nilipokuwa sajenti nilikuwa na kijana aliyekunywa kuanzia asubuhi. Nikamtupa mahabusu siku tatu "apate akili". Usiku wa pili mlinzi akaja kuniamsha: amedondoka, povu linamtoka, mwili unakakamaa na kutikisika. Nilidhani anaigiza ili atolewe. Tulimfikisha hospitali, akapona. Daktari hakunigombeza, aliniuliza tu: "Mara ya mwisho alikunywa saa ngapi?" Sikujua. Nilikuwa najua namba ya bunduki yake, lakini hilo sikulijua.

Mwili uliozoea pombe kila siku ukinyimwa ghafla huasi. Ratiba yake kwa kawaida ni hii:

- Saa 6 hadi 24 tangu kinywaji cha mwisho: kutetemeka, jasho, kichefuchefu, moyo kwenda mbio, wasiwasi.
- Mpaka saa 48: anaweza kuanguka kama mwenye kifafa, hata kama hajawahi kuwa nacho.
- Siku ya 2 hadi ya 4: anaweza kuchanganyikiwa, akaona wadudu ukutani au adui dirishani, homa ikapanda. Hii huua.

Kwa hiyo muulize jambo moja: "Ukiamka, unaweza kufika saa sita mchana bila kugusa?" Akisema hawezi, au aliwahi kuanguka alipoacha, usimpe amri ya kuacha leo. Mpeleke kwa daktari leo. Hospitalini watampa dawa za kutuliza kwa kipimo kinachopungua siku hadi siku, na vitamini B1. Wewe usimnunulie vidonge vya kutuliza duka la dawa; vikichanganyika na pombe vinazima pumzi.

Mweleze tabibu mambo manne: alikunywa mwisho saa ngapi, nini na kiasi gani, aliwahi kuanguka au la, na ana dawa gani nyingine anazotumia. Zahanati ya kikosi ikizidiwa, omba rufaa ya hospitali ya jeshi. Kwa wa Dar es Salaam Lugalo iko mlangoni. Muhimbili wana wataalamu wa afya ya akili, na Dodoma kuna Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili. Najua askari wanaogopa jina la Mirembe kuliko wanavyoogopa kufukuzwa kazi. Mwambie ukweli kwamba anakwenda kutibiwa na atarudi.

Na kama amri imeshatoka kwamba awekwe mahabusu? Omba aonwe na tabibu kabla hajaingia, achunguzwe kila saa kwa siku nne za kwanza, apewe maji na chakula. Iandikwe kwenye kitabu cha gadi, saa kwa saa. Nidhamu itasubiri; ulevi utabaki kuwa kosa la kijeshi hata wiki ijayo.

HATUA YA 6: Ambaye hajafika huko, mwekee mpango mdogo

Huyu wa alama 8 au 12 anaweza kupunguza au kuacha bila kulazwa. Mpango uwe wa mwezi mmoja, uandikwe kwa mkono wake. Siku zisizo na pombe kabisa ni zipi? Kikomo ni chupa ngapi? Mshahara ukiingia, fedha ya nyumbani inatumwa kwa mke au mama saa ileile, kabla hajatoka langoni. Ijumaa saa kumi na moja, ile saa mbaya, atakuwa wapi? Mpe mpira, mpe kwaya, mpe bustani nyuma ya kota. Muda mtupu ndio unaomrudisha kaunta.

Mfuatilie kila Ijumaa kwa dakika tano. Siyo zaidi, ukizidisha anakuona mke wa pili.

HATUA YA 7: Kumrudisha kazini

Aliyetibiwa akirudi, silaha hairudishwi kwa huruma yako. Inarudi kwa maandishi ya daktari na amri ya kamanda. Miezi mitatu ya kwanza asipangwe zamu za usiku mfululizo, wala asitumwe peke yake kituo cha mbali.

Waambie wenzake jambo moja fupi: "Alikuwa anaumwa, amerudi. Atakayemnunulia nitamshughulikia." Wenzake ndio watamrudisha kwenye pombe, kwa upendo kabisa. "Moja tu bwana, ya kukukaribisha." Kwenye sherehe za kombania hakikisha soda na maji ziko meza ya mbele na siyo nyuma ya kreti, na wewe mwenyewe shika soda.

Vikundi vya AA, vya watu wanaosaidiana kuacha pombe, vilianza Marekani mwaka 1935 na vipo Kenya na hapa kwetu. Havidai ada wala havitaki jina la ukoo, na kwa askari hilo la jina ni kubwa.

MAMBO YAKIKWAMA

"Anakataa kwamba ana tatizo." Usibishane naye. Mwachie ukurasa wa daftari asome mwenyewe, umwambie mtaongea tena Alhamisi. Suala la silaha halisubiri akubali.

"Amerudia baada ya miezi miwili." Hutokea sana. Usianze upya na matusi. Uliza nini kilitangulia: msiba, mshahara, ugomvi, au usiku bila usingizi? Rudi hatua ya 4. Kama amekunywa kila siku kwa wiki kadhaa, rudi hatua ya 5.

"Mimi ni mke wake, nimeuziwa dawa ya kumwekea kwenye chakula." Dada yangu, usiiweke. Ipo dawa halali ya hospitali inayomfanya mtu aumwe akinywa pombe, lakini hupewa anayejua na aliyekubali, baada ya kupimwa. Akilishwa kwa siri kisha akanywa, presha inaweza kushuka na moyo kwenda ovyo mpaka akafa, na utakuwa umemuua wewe. Hiyo ya kwenye karatasi isiyo na jina hata haijulikani ni nini. Nenda kwa tabibu wa kikosi au ustawi wa jamii ukaeleze. Kama anakupiga, jambo hilo siyo la hatua saba hizi: toka wewe na watoto kwanza, ulale kwa jirani au kwa ndugu, asubuhi uende kwa kamanda au dawati la jinsia polisi. Na sajenti anayepokea mwanamke mwenye jicho lililovimba asimwambie "vumilia, ni pombe".

"Anayekunywa ni mkubwa wangu." Huwezi kumwita chini ya mwembe. Andika kama hatua ya 1 inavyosema, kisha mwone daktari wa kikosi, ambaye kwa taaluma yake anaweza kusema kisichosemeka kwa cheo chako. Usipitishe maneno kantini. Ila akitaka kuendesha gari lenye askari nyuma akiwa chakari, mwambie dereva aondoke na ufunguo.

"Amekunywa gongo tangu jana, sasa anasema anaona ukungu." Hii siyo hangova. Gongo iliyochanganywa na methanoli, aina ya kilevi chenye sumu, huharibu macho kwanza, na dalili huweza kuchelewa saa 12 hadi 24: ukungu machoni, tumbo kuuma, kupumua kwa haraka. Usimpe maziwa, usimtapishe, usimwache alale. Chukua chupa aliyonywea kama ipo, uliza alikunywa na nani maana hao nao wako njiani, na chukua gari la zamu mpaka hospitali kubwa. Kitabu cha gari utakisaini ukirudi.